Mzimu Haukohoi

Ukitaka kumuua Adero, mwite. Ndivyo nilivyokuwa nikimtania, kabla sijajua kwamba ni kweli.

Mimi ni Nasipwondi, wengi huniita Mama Wakhisi, muuza nyoyo wa mtaa wa Nyalenda, Kisumu. Nyoyo ni mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, na sufuria ikijaa haiinuliki na mtu mmoja. Basi kila asubuhi nilipaza sauti, "Adero!" na kabla sijamaliza jina lake alikuwa amesimama mlangoni pangu, leso mkononi, miguu mitupu. Wala sikuwa peke yangu. Mtaa mzima ulimwita. Mwenye uchungu wa kuzaa alimwita, mwenye matanga alimwita, hata aliyepanga foleni kwenye bomba akataka kwenda choo alimwita amlindie mtungi. Adero aliwaitikia mpaka watu wasiomwita yeye. Nimewahi kumwona akitoka mbio na unga wa ugali vidoleni kwa sababu mama mmoja ng'ambo ya mtaro anamwita mtoto wake, ambaye naye ni Adero.

Tulimsifu. Kanisani mchungaji alimtolea mfano. Mtu akikufaa namna hiyo, huulizi anakimbia nini.

Mwaka huo wa tisini na nane alikuwa na miaka ishirini na minne na mwili wa ajuza. Vidonda vya tumbo alikuwa navyo tangu shuleni. Usingizi wake ulikuwa wa kuibia, na moyo ukianza kumdunda uliona blauzi ikitikisika. Mimba mbili zilikuwa zimemtoka. Kwao Usenge, pwani ya ziwa, watu walisema ni chira, yaani adhabu ya mtu aliyevunja mwiko, wakawa wanatafuta ni mwiko gani. Mumewe Oketch, utingo wa lori la mizigo kule Mamboleo, hakusema lolote. Alikuwa mtu mpole ambaye safari zilimweka mbali wiki nzima, na akirudi alimletea ndizi. Sasa mimba ya tatu ilikuwa ya miezi sita, na miguu yake ilikuwa imevimba hivi kwamba ukiibonyeza kidole kiliacha shimo.

Nilimpeleka kliniki mimi mwenyewe, kwa ukali. Daktari alikuwa Wepukhulu, mtu wa kwetu Bungoma, kijana mwenye macho ya kuchoka. Akamfunga kile kitambaa cha presha mkononi, akakipuliza, akatazama zebaki ikishuka kwenye kioo. Akakunja uso kidogo. Akaanza kupuliza tena ili ahakikishe, na hapo hapo, nje kwenye ukumbi, mtu akaita, "Adero! Adero, leta ufunguo!"

Adero aliruka. Nasema aliruka, na mashine ikaburutwa nyuma yake mpaka ukingoni mwa meza. Wepukhulu akaidaka. Ile zebaki niliiona kwa macho yangu ikipanda kama maziwa yanayotaka kumwagika jikoni.

"Keti, mama," daktari akasema. "Sio wewe. Huyo ni nesi wetu, pia yeye anaitwa Adero."

"Pole, daktari. Pole sana."

"Nani alikufunza kuitika hivyo?"

Adero akacheka. Kisha kicheko kikageuka mdomoni mwake, akawa analia huku bado anaomba msamaha. Tulingoja. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Nikinyamaza, mtu anakufa."

Wepukhulu hakumwambia asiseme upuuzi, na kwa hilo nitamheshimu siku zote. Alivuta kiti. Alisema kwamba mtoto akishtuka sana na asipate mkubwa wa kumtuliza, mwili wake hujifunza kukaa macho. Mtoto anakua, ile hatari inaisha, lakini mwili haujaambiwa. Moyo unakimbia, tumbo linajikaza, damu inasukumana, miaka nenda miaka rudi. "Sio kila presha iko hivyo," akasema. "Wengine wanazaliwa nayo. Lakini yako nimeiona ikipanda nikiwa nimeishika." Akampa dawa. Akamwambia alale, kwa ubavu wa kushoto, asinyanyuke ila kwa haja, mpaka mtoto azaliwe. "Usipolala nitawapoteza nyinyi wawili. Na huyo mtu aliyekufa, ongea juu yake na mtu mwenye alikuwepo. Sio na mimi. Mimi sikuwepo."

Aliyekuwepo ni mama yake. Oketch akatuma neno Usenge, na Mama Milka akaja na kigunia cha omena, wale dagaa wa ziwa, na kitabu cha nyimbo za kanisa, mwanamke mrefu, mkavu, asiyecheka ovyo.

Kwa desturi zao, na hata zetu, mama mkwe halali nyumbani kwa mkwewe. Kwa hiyo Milka alilala kwangu. Asubuhi alikwenda mlangoni kwa Adero, hatua chache tu, akasimama nje na kuita, na hakuingia kabla ya kuitikiwa, hata Oketch akiwa safarini. Nikamwambia, "Mama, sukuma tu mlango, hakuna mtu." Akanitazama kana kwamba nimemwambia avue nguo barabarani. Sasa fikiria mgonjwa aliyeamriwa asinyanyuke, na mama anayeita mlangoni. Kila asubuhi Adero alifika mlangoni kabla jina lake halijaisha.

Nyumba zetu ni za udongo na mabati, na ukuta kati ya chumba changu na cha Adero haukufika juu. Ulizuia macho tu. Siku ya tatu nilikuwa nachambua maharagwe nilipomsikia Adero akimwambia mama yake jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Walikuwa wakiongea Kijaluo, na miaka yangu Nyalenda imenitosha kukielewa.

Alianza na lile ambalo kila mtu alilijua. Mwaka wa themanini na tatu, yeye akiwa na miaka tisa, baba yake Zadock aliingia ziwani kuvua omena na hakurudi. Upepo ulikuwa umechafuka. Mashua haikuonekana, wala mwili. Mtu wa ziwa asipopatikana, wao humzikia tunda la yago, lile refu zito linaloning'inia mtini, na kaburi linakuwa kaburi kamili, na watu wanalia kilio kamili. Yago likazikwa mbele ya nyumba. Baadaye shemeji, Gordon, akaingia kumrithi mjane, kama inavyotakiwa. Na nyanya akamketisha Adero akamfundisha: aliyezikwa akikuita jina, usiitike, maana ukiitika umemfuata.

Kisha akasema lile lisilojulikana.

"Msimu wa mvua uliofuata, Mama, ile jioni ya mvua kubwa. Wewe ulikuwa jikoni, mimi nilikuwa nyumba kubwa peke yangu. Baba aliniita. Kutoka langoni. Aliita Adero, Adero nyathina, mwanangu. Niliijua sauti yake. Nikaingia chini ya kitanda nikaziba mdomo. Aliita sana. Nikanyamaza mpaka akanyamaza."

Mkono wangu ulisimama kwenye ungo.

"Asubuhi mkamkuta kwenye ua wa miti, amelowa, amekufa. Hakuwa mzimu. Baadaye tulisikia wanajeshi wa ng'ambo ya ziwa walikuwa wamemfunga, akaachiliwa, akarudi na homa. Alikuwa akiomba kufunguliwa, na mimi nikanyamaza. Nimemuua, Mama."

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huyu alisikia la mkuu, akavunjika mzima.

Nilingoja Milka amkumbatie. Mama yeyote angesema, mwanangu, ulikuwa mtoto. Badala yake nilisikia kitanda kikilia, mtu akiinuka, na sauti kavu ikisema, "Acha maneno ya zamani. Daktari amesema upumzike." Akatoka. Akaja kwangu, akachukua ungo mikononi mwangu bila kuniangalia, akaendelea kuchambua maharagwe. Alitupa mazima akabakiza mabovu.

Nilikasirika, sitaficha. Nilikasirika zaidi tuliporudi kliniki, kwa maana zebaki ilikuwa juu kuliko mara ya kwanza. Wepukhulu aliuliza kama analala. Analala, nikasema. Kama anakula? Anakula. Kama ameongea na mtu? Adero akatazama dirisha. Daktari akasema kwamba ikiendelea hivi wiki moja nyingine atalazimika kumtoa mtoto kabla ya wakati wake, na mtoto wa umri ule, kwa vifaa walivyo navyo, hawezi kumwahidi mtu chochote. Adero alijifunga leso polepole. Njiani aliniambia, "Mama Wakhisi, pengine ni haki. Nilichukua mtu, nachukuliwa watu." Nikamwambia anyamaze, kisha nikajuta kutumia neno hilo.

Mchana wa siku iliyofuata, mvua ya Kisumu ilishuka kama kawaida yake, bila hodi. Mabati yakapiga kelele. Nilikuwa nakanda unga na Milka alikuwa kwenye kigoda karibu na mlango. Nilipogeuka kumuuliza kitu, nilimwona ameziba masikio kwa vidole viwili, macho ameyafumba, anasukasuka. Mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mzee wa kanisa, ameziba masikio kama mtoto anayeogopa radi. Lakini radi haikuwepo, ilikuwa mvua tu.

Nikaweka unga chini. Nikamshika kifundo cha mkono mmoja, nikautoa sikioni.

"Mama, wewe unasikia nini kwa hii mvua?"

"Hakuna."

"Mama Milka, mimi si mtoto wako, na si mkwe wako. Hiyo ukuta haifiki juu, nilisikia yote. Kama uko na kitu, enda useme. Huyo msichana anakufa, yawa. Anakufa na mjukuu wako ndani."

Nilidhani atanitukana. Alisimama, akatoka kwenye mvua bila hata kujitanda leso, akasimama mlangoni kwa binti yake. Akaita. Nikasikia Adero akishuka kitandani mbio, na mlango ukifunguliwa.

Nilisikia yote, na sijivunii.

"Mwanangu, lala kwanza," Milka alisema. "Lala, nami nitasimama. Siwezi kuyasema haya nikiwa nimekaa." Kisha, "Jikoni ni karibu na lango kuliko nyumba kubwa. Wewe ulisikia jina lako. Mimi nilisikia maneno yote."

Nilisikia kitanda kikilia, Adero akijigeuza.

"Aliniita mimi kwanza. Alisema, Milka, nimeliona kaburi. Alikuwa amefika langoni akaona kaburi lake mbele ya nyumba, na mtu aliyezikwa hapiti lango la boma mpaka wazee wamfanyie yanayotakiwa, wewe unajua. Kwa hiyo hakuingia. Alisema, siingii, Milka, niitikie tu, nijue mpo hai, kisha umwite mzee. Alisema hivyo. Na alikuwa akikohoa. Mzimu haukohoi, mwanangu. Nilijua ni mtu. Nilijua tangu neno la kwanza."

"Kwa nini?" Ilikuwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa Adero. Haikuwa na pole ndani yake.

"Koti la Gordon lilikuwa kwenye msumari. Chakula nilichopika kilikuwa cha Gordon. Nilifikiri, nikiitika, nitamwambia nini huyu? Nikasema mvua ipungue kwanza. Nikasema Gordon arudi, yeye ndiye mwanamume, aende. Nikawa nachochea moto. Ndipo alipoanza kukuita wewe, kwa sababu mimi nilimnyamazia. Na mvua ilipopungua, hakuita tena, nikajiambia ameenda kwa mzee. Nilijiambia hivyo. Nikaja nyumba kubwa nikakukuta chini ya kitanda, umejikojolea. Nikakuuliza, umesikia kitu? Ukasema hapana."

"Nilisema hapana."

"Nilijua unadanganya. Nilijua umesikia, na nilijua utafikiri ni wewe. Nikakubadilisha nguo nikanyamaza. Miaka yote hii. Ukatapika shuleni, nikasema ni minyoo. Mimba zikatoka, watu wakasema chira, nami nikakaa nao nikitingisha kichwa. Maana nikikutua huo mzigo, ungenirudia mimi. Wewe ulikuwa mtoto. Mimi nilikuwa mke wake."

Mvua ilikuwa imekwisha, maji yakidondoka tu kutoka mabatini. Nilingoja kilio, au kofi, au maneno ya Biblia. Hakuna kilichokuja. Baada ya muda mlango ukafunguliwa na Milka akarudi kwangu, gauni limeshikana na mgongo, akajilaza kwenye mkeka akiwa amelowa vilevile. Nilimfunika. Nilikuwa namchukia kidogo, na nilimfunika.

Asubuhi alijitayarisha kama siku zote. Alichemsha uji, akaumimina kikombeni, akaenda akasimama nje ya mlango wa Adero.

"Adero!"

Nilikuwa nawasha jiko langu uani. Nilishika kiberiti nikingoja miguu.

"Adero! Nyathina!"

Kimya. Katika miaka yote niliyomjua, Adero hakuwahi kuitwa mara mbili. Nikakimbia ndani kwangu, nikapanda kwenye kigoda, nikachungulia juu ya ukuta, tayari kupiga mayowe.

Alikuwa amelala kwa ubavu wa kushoto. Macho yalikuwa wazi. Mkono mmoja ulikuwa tumboni na mwingine chini ya shavu, na alikuwa akipumua kwa kina, polepole, kama mtu aliyefika kutoka safari. Aliniona. Hakutabasamu. Aliweka kidole midomoni, kisha akakirudisha chini ya shavu.

Nje, Milka aliita mara ya tatu, na safari hii sauti yake ilikatika katikati ya jina. Nilitoka. Manyunyu yalikuwa yameanza, yale ya asubuhi yanayonyesha huku jua linatoka. Nikamwambia, "Mama, yuko mzima. Njoo kwangu usilowe."

"Wacha nisimame," akasema.

Akasimama. Watu wakapita na mitungi yao wakamsalimu, akawaitikia. Uji ulipoa kikombeni, matone yakaingia. Mimi nilipika nyoyo yangu nikiwa na aibu ambayo sijui ilikuwa ya nani. Nilitaka kumwambia Adero inatosha, mwitikie mama yako. Nilitaka vilevile kumwambia asiitike kamwe. Milka hakuita tena, wala hakugonga, wala hakuketi. Alikuwa amejikunja kidogo mabegani. Kisha baridi ikamshika kifua, akakohoa.

Alikohoa mara moja, akajizuia, akakohoa tena.

Kutoka ndani, sauti ya mtu aliyelala, ambaye hajainua hata kichwa, ikasema, "Mama. Mlango haujafungwa."

Milka akaweka kiganja kwenye mlango. Haukuwa na komeo, haukuwa na kitu, ungesukumwa hata na kuku. Nilihesabu mahindi yangu yakichemka, nikageuka kuwasha moto uliokuwa unawaka tayari, na nilipotazama tena alikuwa bado amesimama pale, kiganja mlangoni, analia bila sauti. Sikuona alipoingia.

Wiki hiyo zebaki ilishuka kidogo. Si sana. Wepukhulu alisema dawa imeanza kushika, na akamtazama Adero muda mrefu kabla ya kuandika. Adero alilala mpaka mwezi wa tisa wa mimba yake, na mtaa ulipomwita mimi nilitoka nikawajibu, nikawatukana ilipobidi. Mtoto alikuja mdogo, mwenye sauti ya kuudhi, wakamwita Zadock. Presha haikuondoka kabisa, na vidonda vya tumbo bado anavyo. Sasa ukimwita Adero atakuja, lakini atavaa viatu kwanza.

Milka huja kutoka Usenge kila likizo ya shule. Hajawahi tena kuita mlangoni kwa binti yake, wala kusema hodi. Anasimama nje na kigunia chake cha omena, anakohoa, anangoja.